Kurekodi gereji panki chumbani: gitaa, fazi moja na simu

Wadau habari za saa hizi. Watu wananiuliza sana ile saundi chafu ya gereji panki (roki ya kelele, mbichi, ya kodi chache) inapatikanaje bila studio na bila hela nyingi, na ukiangalia majibu tunayopeana ni nunua pedali fulani (kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa), nunua gitaa fulani, mimi hapo nakataa kabisa. Huu mwaka wa tisa napiga huu muziki hapa Dar, tunafanyia mazoezi kwenye stoo ya mjomba kule Tabata, na nilichokiona ni kwamba ule uchafu unatoka kwa watu kupiga kwa nguvu, kwa pamoja, ndani ya chumba kimoja. Vifaa vinakuja baadaye. Nawawekea hatua zote kama sisi tunavyofanya.

Hatua ya 1: sikiliza kwanza

Usishike gitaa kabla hujakaa na The Sonics wa Tacoma, jimbo la Washington, Marekani. Albamu yao ya kwanza, Here Are The Sonics, ilitoka 1965, na walirekodi kwenye mashine ya treki mbili tu (njia mbili za kurekodia) huku dramu zote zikisikilizwa na maiki moja. Moja! Halafu sikiliza ile snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) ya Bob Bennett inavyokupasua kifua na Gerry Roslie anavyochana koo juu yake. Mwaka uliofuata wakatoa Boom, hiyo walibandua hadi maboksi ya mayai yaliyokuwa ukutani yakizuia mwangwi ili chumba kipige kelele zaidi. Najua wengi mnaipenda Boom, mimi nabaki na ya kwanza, ya pili saundi imetawanyika kidogo.

Kisha The Kingsmen wa Portland, ule wimbo wao wa Louie Louie wa 1963. Maiki ilining'inizwa juu sana ikabidi Jack Ely apige kelele ameinua kichwa, na baada ya solo anaingia mapema, anastuka, ananyamaza, mpiga dramu anaziba pengo fasta halafu wanaendelea. Kosa liko wazi na halikufutwa, na FBI wakaja kuuchunguza ule wimbo wakidhani una matusi, wakashindwa kuelewa maneno. Mimi nikifika pale anapoingia mapema nasimama kabisa, kila siku.

Na msiache Los Saicos, hawa ni vijana wa Lima, Peru, 1965, wanaimba Kihispania na wanakoroma kama watu wanaobomoa nyumba. Hawa ndio walionipa moyo niimbe Kiswahili, maana mwanzoni nilikuwa naimba Kiingereza cha kukariri na kilikuwa hakikai mdomoni.

Hatua ya 2: gitaa na kodi

Gitaa lolote la umeme lenye shingo iliyonyooka linatosha, haya ya mtumba ya makanisani ni mazuri sana, kwaya wakinunua jipya, la zamani wanaliuza bei ya kawaida. Tumia ile pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ya karibu na daraja la nyuzi, trebo, yaani sauti za juu, iwe nyingi. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) tatu tu, kwa mfano A, D na E, na uzipige nyuzi zote sita kwa kubana kidole, sio zile kodi za nyuzi mbili za metali, maana saundi ya miaka ya sitini inahitaji kodi nzima igongane ndani ya fazi, yaani ule mkwaruzo wa makusudi wa sauti ya gitaa. Mkono wa kulia ushuke chini tu muda mwingi. Ukimaliza wimbo mkono haujachoka ujue ulikuwa unabembeleza.

Besi sio lazima. The Gories wa Detroit walikuwa gitaa mbili na Peggy O'Neill kwenye dramu chache, basi, na albamu yao ya 1990 aliisimamia mwanamuziki Alex Chilton. The Cramps nao walianza bila besi. Kama huna mpiga besi usikae unasubiri.

Hatua ya 3: amplifaya ndogo, ifungue yote

Wati 5 mpaka 15 zinatosha kwa chumba. Amplifaya kubwa ukiipiga kwa sauti ya chini inatoa saundi safi isiyo na hasira, ndogo ukiifungua yote inalia yenyewe.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Vifaa vingi vya mtumba kutoka Marekani ni vya volti 120 na umeme wetu ni 230. Mimi nilinunua amplifaya nzuri ya taa (ile ya valvu za kioo ndani), nikamwamini muuzaji aliponiambia inafaa, nikachomeka, ikatoa mlio kama wa nzi halafu harufu ya kuungua na moshi mweupe kwa nyuma, transfoma ikawa imekwenda. Miezi mitano ya kuweka akiba. Soma maandishi ya nyuma mwenyewe, kama ni 120 tafuta stepidauni (transfoma ya kushusha umeme) kabla ya kitu chochote. Jambo la pili, amplifaya ya taa usiiwashe spika ikiwa haijaunganishwa, inaweza kuua transfoma ya kutolea sauti, na usiifungue ndani kama sio fundi maana inahifadhi umeme mkali hata ukiwa umechomoa.

Hatua ya 4: fazi

Hii ndio roho ya mambo. Kabla ya pedali watu walikuwa wanaharibu spika makusudi. Link Wray 1958 alitoboa spika zake kwa penseli ili wimbo wa Rumble usikike studio kama ulivyosikika jukwaani. Dave Davies wa The Kinks 1964 alichana spika ya kiamplifaya chake kidogo kwa wembe. Mimi nimejaribu kwenye spika ya redio mbovu niliyopewa na fundi redio wa mtaani, nilichana mistari mitatu mifupi kutoka katikati kuelekea pembeni, karatasi ikaanza kutetemeka na kutoa sauti kama nyuki ndani ya kopo, nzuri mno. Lakini usichane spika yako ya pekee! Tafuta ya kuchezea, na hakikisha omu zake (kipimo cha ukinzani kilichoandikwa nyuma yake) zinalingana na amplifaya, kama ni 8 iwe 8.

Ambaye hataki wembe atafute pedali. Ya kwanza kuuzwa sana ilikuwa Maestro Fuzz-Tone, 1962, na Keith Richards wa The Rolling Stones ndiye aliyeipaisha 1965. Fuzz Face ikaja 1966 na hii unaweza kuijenga mwenyewe, saketi yake ni transista mbili, rizista nne, kapasita tatu na zile volyumu mbili za kuzungusha, pamoja na betri ya volti 9. Vyote hivyo Kariakoo vipo. Peleka mchoro kwa fundi redio wako, kaa naye, yangu tulijenga jioni moja ndani ya kopo la bati la biskuti na bati lile linasaidia kupunguza muungurumo wa umeme. Toleo la silikoni ni rahisi zaidi kwa joto letu, zile transista za germanium joto likipanda zinabadilika tabia katikati ya wimbo.

Watu wanabishana sana fazi gani ni bora. Kwangu mimi pedali ya Big Muff ni tamu ila ni nene mno kwa huu muziki, inafunika snea. Gereji panki inataka fazi nyembamba inayokwaruza. Na ujanja mmoja, fazi ifungue yote halafu punguza volyumu kwenye gitaa lenyewe, kwenye beti ishushe, kwenye kiitikio ipandishe ghafla. Jaribu pia na betri iliyochoka, sauti inakatikakatika vizuri sana.

Hatua ya 5: chumba, dramu na simu

Stoo yetu ni tofali za saruji na bati juu, mwangwi mkali, na hatuzibi ukuta hata mmoja. Mpiga dramu anakaa kwenye kona, ndani ya kiki (dramu kubwa ya mguu) tumeweka mto mmoja uliofungwa kwa kanga, toazi moja tu, maana matoazi mengi kwenye simu yanageuka kuwa mvua. Amplifaya ya gitaa inamtazama mpiga dramu, sio simu.

Sauti ya kuimba tunaipitisha kwenye amplifaya ya pili ya gitaa, maiki ya bei rahisi kabisa, volyumu unaipandisha taratibu mpaka inaanza kukoroma kabla ya kupiga filimbi, unaiacha hapohapo.

Simu sasa. Tunaiweka juu ya kreti mbili za soda, mita mbili na nusu toka kwenye dramu, uso umeelekea ukutani. Ndiyo, ukutani. Ikiwatazama moja kwa moja inabanwa na kelele na sauti inapumua juu chini, ikitazama ukuta inapokea chumba. Tumia programu inayokuruhusu kuzima kupunguza kelele na kujirekebisha sauti, hifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Piga sekunde ishirini, sikiliza kwa hedifoni. Gitaa linafunika? Sogeza gitaa, usiguse simu. Dramu ziko mbali? Sogeza kreti hatua moja mbele. Hapa tunakaa hata saa nzima na ndio saa yenye faida kuliko zote.

Hatua ya 6: piga mara tatu

Wote pamoja, bila metronomu, mara tatu kisha mnaacha. Ya kwanza mna woga, ya pili ndio huwa yenyewe, ya tatu ni ya akiba kama umeme haujakatika. Mkikosea endeleeni. Kuna mtu ataniambia Jay Reatard wa Memphis alirekodi Blood Visions ya 2006 karibu peke yake, kipande kwa kipande, na ni kweli na ile albamu naiheshimu sana, lakini yule alikuwa anarekodi toka utotoni, alikuwa anajua kujisukuma mwenyewe. Sisi wengine tunahitaji mwenzetu atukazie macho.

Hatua ya 7: miksi

Fupi tu. Kata sauti za chini ya hezi 100 kidogo, pandisha kiasi pale kwenye 2,000 mpaka 3,000 gitaa lichome, acha iwe mono, yaani sauti ileile kwenye spika zote. Usisawazishe mapigo na usirekebishe sauti ya mwimbaji. The White Stripes waliingia studio ya Toe Rag, London, 2002 na kurekodi Elephant kwenye tepu ya treki nane bila kompyuta, na ilifika dunia nzima, kwa hiyo wewe na simu yako usianze kuomba plagini (programu za ziada za kurekebisha sauti) arobaini.

Mwisho peleka kwenye spika ndogo. Mimi naomba dereva wa bajaji wa pale kituoni aichomeke, tunazunguka mpaka Barakuda na kurudi injini ikinguruma. Kama snea na maneno ya kiitikio bado nayasikia, naiachia usiku huohuo.