Namna ya kuweka daftari la vitabu ulivyosoma likadumu zaidi ya miaka kumi

Tangu 2009 ninaandika kila kitabu ninachomaliza, na vingine nilivyoshindwa kuvimaliza. Nilianza na mistari miwili mitatu nyuma ya daftari la kazini. Leo nina kaunta buku tano zilizojaa. Mimi si mwalimu wa fasihi. Ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga, mchana kutwa najaza fomu za mizigo ya watu, na usiku najaza za kwangu.

Wanaoniuliza huuliza waanzeje. Kuanza hakuna shida. Shida huja mwaka wa tatu au wa sita, pale unapofungua kurasa za zamani na kukuta umeandika mambo yanayokutia aibu. Hapo ndipo wengi huchana kurasa, au huliacha daftari likafia kabatini. Maelekezo haya nimeyapanga kwa kuifikiria siku hiyo.

Hatua ya kwanza: kaunta buku, si diari

Diari ina tarehe kila ukurasa. Ukikaa wiki tatu hujasoma kitu, kurasa tupu zinakusuta. Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, ile ya kurasa 192 yenye jalada gumu. Daftari la springi usilichukue, karatasi zake huachia.

Kabla hujaandika lolote, kaa jioni moja uzipe kurasa zote nambari kwenye pembe ya juu, 1 mpaka 192. Inachosha, lakini ifanye. Kurasa 12 za mwisho usiziguse, zina kazi yake. Tumia peni ya kawaida. Zile za wino wa maji hupenya mpaka upande wa pili, na karatasi ikinyonya unyevu wa pwani maandishi huanza kuota ndevu.

Kila kitabu kipe kurasa mbili zinazotazamana. Andika upande wa kushoto. Upande wa kulia uache mtupu kabisa, hata kama kushoto pamejaa na una mengi ya kusema. Najua karatasi ni hela. Sababu utaiona huko mbele.

Hatua ya pili: kitambulisho cha kitabu

Juu ya ukurasa wa kushoto andika: tarehe uliyoanza na uliyomaliza, jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka kilipotoka mara ya kwanza, mwaka wa nakala uliyoishika, na ulikipataje, yaani umenunua, umeazima, au umekuta kwa muuza vitabu vya mtumba.

Watu huchanganya toleo na chapa. Chapa ni kitabu kilekile kurudishwa mtamboni. Toleo jipya maana yake maandishi yameguswa: sura imeongezwa, tahajia imerekebishwa, dibaji imebadilishwa. Habari hizi ziko nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Zisome.

Ukurasa huo ukiwa umechanika, geuza jalada la nyuma utafute ISBN, nambari ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Nambari hizi zilianza kuenea baada ya 1970, kwa hiyo kitabu kikongwe huenda hakina kabisa. Mpaka mwisho wa 2006 zilikuwa tarakimu 10, na kuanzia 2007 ni 13, nyingi zikitanguliwa na 978. Tarakimu za mwanzo (baada ya hiyo 978, kama ipo) zinataja kilikotoka: 9966 ni Kenya, 9976 na 9987 ni Tanzania, 9970 ni Uganda. Kitabu kisicho na ukurasa wa mbele bado kitakwambia kwao ni wapi na kina umri gani kwa kukisia.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu limewahi kuniumbua. Mwaka 2009 niliazima Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, nakala isiyo na jalada wala kurasa za mwanzo. Penye mwaka nikaandika "miaka ya sabini?" Alama ya kuuliza niliiweka, lakini nilivyoendelea kuandika nikaisahau. Nitarudi hapo.

Hatua ya tatu: mwaka wa kwanza andika kidogo

Mambo matatu yanatosha. Kitabu kinahusu nini, kwa sentensi tatu. Sentensi moja uliyoinakili kama ilivyo, pamoja na nambari ya ukurasa. Na mahali ulipochoka.

Hili la tatu usiliruke. Andika "nimelala uk. 88, nimerudi siku nne baadaye". Sifa tunazozipa vitabu hufanana mno, kila kimoja "kizuri sana, kinafundisha", na baada ya miaka miwili hazikwambii kitu. Uchovu hausemi uongo. Kaunta buku yangu ya kwanza inaonyesha kwamba kila riwaya ilinichosha pale mwandishi alipoanza kuhutubia kupitia kinywa cha mhusika. Nisingelijua hilo bila kuiona ile orodha.

Alama usitoe. Mimi nilitoa alama kwa kumi miaka miwili mizima, na leo siwezi kusema 7 ya Machi 2010 ilitofautianaje na 8 ya Aprili.

Hatua ya nne: mashairi yana utaratibu wake

Diwani haisomwi ikaisha. Ukiiandika kama riwaya utapata "mashairi mazuri kuhusu mapenzi na siasa", basi. Chagua shairi moja ulinakili lote kwa mkono, kisha hesabu mizani, yaani silabi. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane, na vina katikati na mwishoni. Utenzi una mizani nane kwa mshororo: mitatu ya kwanza huungana kwa kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachorudi mpaka utenzi unaisha. Kumbuka "mtu" ni mizani mbili, m na tu. Hesabu ikikukatalia, mara tisa katika kumi umeruka neno wakati wa kunakili. Zile mara chache nyingine mshairi amefanya kusudi, na hapo umepata cha kuandika.

Kwa tungo za kale chora mstari chini ya ukurasa, hapo uweke msamiati. Niliposoma utendi ambao Mwana Kupona alimwusia bintiye mwaka 1858, sehemu hiyo ilijaa kabla ya beti ishirini: nti ni nchi, ndoo ni njoo, na wenzao. Miezi miwili baadaye nilisoma utungo mwingine wa Kiamu, lahaja ya Lamu, bila kuuliza mtu.

Hatua ya tano: faharasa, na ugonjwa wa kuhesabu

Zile kurasa 12 za mwisho zigawe kwa herufi. Kila kitabu kiingie mara mbili, kwa mwandishi na kwa jambo. Majambo yasizidi kumi na tano, la sivyo utakuwa unafungua faili badala ya kusoma. Yangu ni kama "bahari", "mahakama", "mama wa kambo", "safari ya kwenda mjini". Lile la mama wa kambo ndilo refu kuliko yote, sijui kwa nini.

Faharasa ina sumu yake: ukishaona orodha utataka iwe ndefu. Mwaka 2012 niliandika vitabu 61. Nilijisifu ofisini kwetu. Nikiangalia leo, karibu nusu ni vijitabu vya kurasa arobaini nilivyovichagua kwa wembamba wake, na ukurasa wa kushoto una mistari minne tu. Mwaka uliofuata nilisoma 17. Nenda na huu wa 17.

Hatua ya sita: kusoma tena

Hapa ndipo kazi yote iliyotangulia inapolipa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chagua kitabu ulichokiandika si chini ya miaka minne iliyopita. Kabla hujakianza, funika ukurasa wa kushoto kwa karatasi na uibane kwa pini. Kisome kama mgeni. Ukimaliza, andika upande wa kulia, kwa wino wa rangi nyingine, tarehe juu. Ukishaweka nukta ya mwisho ndipo ufungue karatasi. Ukichungulia mapema, utaishia kumjibu kijana wa zamani badala ya kusoma kitabu.

Sasa turudi kwenye Kusadikika. Mwaka 2009 niliandika kwa kujiamini kabisa: hii ni serikali yetu ya baada ya uhuru, mwandishi kaisema waziwazi, Karama, anayeshtakiwa mle, ndiye mpinzani, na Majivuno anayemshtaki ndiye waziri tunayemjua. Mwaka 2014 nilinunua nakala nzima. Macho yakaangukia mwaka kilipotoka mara ya kwanza: 1951. Tanganyika ilikuwa bado chini ya udhamini wa Uingereza, uhuru ulikuwa mbali kwa miaka kumi. Serikali yangu ya baada ya uhuru ikayeyuka. Tena mimi ni mtu wa Tanga, na Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapo kusini ya mji wetu. Mkono ulishashika pembe ya ukurasa niuchane.

Nikauacha. Upande wa kulia nikaandika mwaka sahihi na usomaji mpya, kwamba aliyefumbwa mle ni mtawala wa kikoloni.

Mwaka 2021 nikasoma mara ya tatu. Nafasi ya kulia ilikuwa imejaa, nikabandika karatasi kwa gundi. Katikati hapo nilikuwa nimejua kwamba Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, tangu 1926 hadi 1944. Karani ni karani, nikasoma kwa jicho la ofisini. Nikaona jambo ambalo halikuwa kwenye maandishi yangu yote mawili: Karama hajitetei kwa hotuba. Anatoa taarifa za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, waliotumwa Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, Mbinguni na Ardhini, wakarudi na mawaidha ya maana na kuishia kifungoni. Anaufungulia ukumbi mzima faili ambazo wakubwa walidhani zimezikwa. Anayejitetea hivyo ni mtu aliyewahi kukaa na majalada.

Sidai kwamba nimepata jibu. Na usomaji wa 2009 naona sasa haukuwa ujinga mtupu: mwaka ulikuwa na makosa, lakini kwamba kijana aliyesoma chini ya serikali nyingine kabisa aliwaona wakubwa wake mle ndani, hilo linasema kitu kuhusu kitabu. Ningelichana ukurasa ule, nisingekuwa na ushahidi wake.

Sheria ya hatua hii basi ni moja: usifute, usichane, usipake wino mweupe. Ukikosea, piga mstari mmoja ambao maneno bado yanasomeka chini yake, uandike tarehe.

Hatua ya saba: watu wakianza kukuuliza

Watajua tu. Utaanza kuulizwa "nisome nini?", na daftari litageuka. Ukimwandikia mtu kuhusu kitabu, mwandikie mtu mmoja unayemjua: shangazi asiyependa vitabu virefu, mwenzako wa kazini anayependa visa vya upelelezi. Nusu ukurasa. Mwambie urefu wake, ugumu wa lugha, kinaanzia wapi, na nani kisimfae. Mwisho wa kisa mwachie mwenyewe. Hayo ni mapitio kamili, na yatakuwa bora kuliko ukiwaandikia "wasomaji wote".

Tahadhari ni moja. Mwaka 2016 mtunzi mmoja tunayefahamiana alinipa diwani yake, akasimama pale pale kungoja. Nilimwandikia kurasa tatu za sifa, kisha nikazinakili hizo hizo kwenye daftari kwa uvivu. Leo sijui nilikionaje kitabu kile. Tangu hapo mtu anapata barua ya adabu, daftari linapata ukweli, na hayo mawili hayakai ukurasa mmoja.

Tenga pia ukurasa wa walioazima: jina, kitabu, tarehe. Wangu una majina mengi, na mistari iliyokatwa kuonyesha kimerudi ni michache. Mmoja ni shemeji yangu, 2011. Tunasalimiana vizuri.

Kutunza

Sanduku la bati juu ya matofali, lisiguse ukuta, maana mchwa hupitia ukutani. Ndani weka majani makavu ya mwarobaini. Masika yakiisha, toa yote uyapunge hewa kivulini, si juani, jua hula wino. Kila Desemba piga kurasa za faharasa picha kwa simu na umtumie mtu mmoja azihifadhi.

Kaunta buku ikijaa, usianze mpya bila kuhamisha. Ukurasa wa kwanza wa mpya uwe na orodha ya vitabu vitano vya kusoma tena, kila kimoja na mwaka wake mbele, na nambari ya daftari na ukurasa kilikoandikwa mwanzo. Hiyo ndiyo kamba inayoyafunga madaftari pamoja.

Ya sita nimeinunua juzi, nimeshaipa nambari kurasa zote. Kusadikika iko mstari wa tatu: 2028, daftari 1, uk. 14.