Makombe matatu kwa kila samaki

Ukifuga wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, hasa Neolamprologus multifasciatus, usiwabanie makombe. Weka angalau matatu kwa kila samaki. Kule ziwani wanaishi kwenye malundo ya makombe matupu ya konokono Neothauma, na kila jike anataka lake. Yakiwa machache watagombana tu, mayai hutayaona.

Mchanga uwe laini, wa kina cha sentimita 5 hivi, changarawe hawaiwezi. Jike wa sentimita 3 anabeba mchanga mdomoni, anautema pembeni, anarudi tena, mpaka kombe zima linazama na kubaki tundu tu. Raha kumtazama jamani!

Maji yawe ya chokaa, pH 8 hadi 9, joto nyuzi 24 hadi 27.

Vifaranga msiwahamishe. Siku moja utaona vijichwa kama punje za ufuta vikichungulia mlangoni. Wape artemia wachanga (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi), waache na wazazi wao. Wakubwa kwa kawaida hawawasumbui, na watoto wa uzao uliotangulia huendelea kukaa humo humo.

Ila wakati wa usafi, usitoe kombe hata moja kabla ya kulikagua. Samaki akiogopa hujikunja ndani kabisa, hatoki. Mimi nililiacha moja juu ya meza, nikadhani ni tupu, kumbe jike alikuwemo na mayai yake. Nilichelewa kumrudisha.