Hesabu jointi kabla hujatoa hela: kulinganisha mifumo ya nyuma ya baiskeli za shokapu mbili kwa njia za Mtwara na Lindi

Jina lililoandikwa kwenye fremu halikuambii mengi. Ekseli ya nyuma inakuambia. Andaa spana za pembe sita za milimita 4, 5, 6 na 8, pampu ya shokapu, rula, tepu na kamba ya mpira. Kompresa ya mziba pancha iache: chemba ya shokapu ni ndogo mno, na shinikizo linalotakiwa mara nyingi linazidi psi 150.

1. Tambua mfumo

Weka kidole kwenye ekseli ya nyuma, kifuate bomba la chini, lile linalokwenda sambamba na cheni, hadi fremu kuu. Ukikutana na jointi moja tu, karibu na kranki, huo ni mfumo wa jointi moja, hata kama juu kuna linki zimejazana. Hapa ndipo wengi wanapouziwa maneno. Linki za juu zinaamua shokapu ibanwe vipi; gurudumu lenyewe bado linachora upinde mmoja kuizunguka jointi ile.

Ukikuta jointi nyingine kwenye bomba la chini, sentimita chache mbele ya ekseli, huo ni mfumo wa Horst, wenye jina la mbunifu wake, Horst Leitner. Kampuni ya baiskeli ya Specialized waliushikilia kwa hataza Marekani hadi 2013, ndiyo maana fremu nyingi za kabla ya hapo zimeweka jointi kwenye bomba la nyuma linalopanda kuelekea siti, juu ya ekseli. Zinafanana kwa macho, lakini hizo za pili ni jointi moja tu. Trek wao wameizungushia jointi ekseli yenyewe. Na pembetatu nzima ya nyuma ikiwa kipande kimoja kinachoshikwa na linki mbili fupi, uko kwenye familia ya linki mbili fupi, ambayo watengenezaji wanaiita kwa majina yao: VPP ya Santa Cruz, DW-link na Maestro ya Giant.

2. Toa hewa polepole

Bonyeza vali kidogo kidogo huku ukiikandamiza siti na kuiachia. Ukiitoa yote kwa mkupuo, hewa inanaswa chemba ya pili na shokapu inajivuta chini. Shokapu iliyojifunga hivyo usiifungue mkebe wake hata kidogo. Unaweza kukufyatukia usoni.

3. Pima cheni inavyovuta pedeli

Ning'iniza baiskeli kwa siti. Weka cheni kwenye meno makubwa ya nyuma, funga breki ya nyuma kwa kamba ya mpira, bandika tepu kwenye fremu pale pedeli ilipo, kisha inua gurudumu hadi mwisho. Pedeli itarudi nyuma. Kwa kranki ya milimita 170, pedeli ikirudi sentimita 6 hizo ni kama digrii 20.

Ikirudi kidogo sana au isiporudi kabisa, tegemea baiskeli inayodunda kila unapokanyaga mlimani. Ikirudi sana, inapanda vizuri lakini itakupiga nyayo kwenye mizizi na mawe. Linki mbili fupi ndizo zinazopatanisha haya mawili vizuri zaidi, na bei yake inajulisha.

4. Pima uwiano

Gawanya mwendo wa gurudumu kwa mwendo wa shokapu: milimita 130 kwa 50 ni 2.6. Halafu bana shokapu milimita 10 kwa 10, ukipima gurudumu linapanda kiasi gani kila mara. Milimita 10 za kwanza zikitoa 29 na za mwisho 23, mfumo unakuwa mgumu kadiri unavyozama, na hata shokapu ya springi itafaa. Namba zikilingana mwanzo hadi mwisho, baki na shokapu ya hewa, la sivyo itagonga chini kila shimo. Uwiano wa 3 na zaidi kwa mtu mzito unadai hewa nyingi. Soma kikomo kilichochapwa kwenye mkebe.

5. Breki

Kwenye jointi moja yenye kaliba (kibanio cha breki) juu ya mkono wa nyuma, ukifunga breki, nyuma inakakamaa na gurudumu linarukaruka juu ya mawe. Anayeshuka Newala kuelekea bonde la Ruvuma ataliona hilo. Horst na ile ya kuzunguka ekseli zinaendelea kucheza.

6. Beringi, ambako pwani ndiyo inaamua

Shika gurudumu la nyuma juu, litikise kushoto na kulia, kidole gumba cha mkono mwingine kikiwa kwenye kila jointi. Mchezo unausikia kidoleni kabla ya kuuona. Kisha inua siti taratibu: mlio mdogo wa "tok" unatoka kwenye bushi za shokapu, si beringi.

Sasa hesabu. Jointi moja bila linki ina beringi mbili hivi. Horst inaweza kufika nane au zaidi. Kwa mtu wa Mikindani au Msimbati, chumvi na mchanga vinakula zote kwa pamoja, na hapo mimi huchagua jointi moja, niivumilie kwenye breki. Wa Masasi au Rondo, mbali na bahari, anaweza kumudu Horst. (Na kwenye mchanga mzito wa mikorosho, tatizo lako ni upana wa tairi. Hakuna mfumo wa nyuma unaokuokoa.)

Soma namba ya beringi kabla ya kununua fremu. 6902 ni 15×28×7, 6903 ni 17×30×7. Chukua zenye alama 2RS, zilizozibwa mpira pande zote. Ng'oa mpira kwa ncha ya wembe, jaza grisi ya boti, rudisha. Bolti ikiwa ya chuma ndani ya alumini, ipake grisi shingoni na gundi ya buluu ya kuzuia kulegea kwenye nyuzi, la sivyo chumvi itaigandisha humo na utaikata kwa drili. Kaza kwa kiasi cha Nm (nguvu ya kukaza) kilichochapwa kichwani mwake, na rudia baada ya safari mbili za kwanza.