Ukaazi wa kudumu Kanada: kamilisha nyaraka kabla kanuni hazijabadilika tena

Somo hili ni la walioko Dodoma, Singida na jirani wanaoomba kupitia Express Entry (mfumo wa Kanada unaopanga waombaji kwa alama na kuwaalika wenye alama za juu watume ombi), kundi la wafanyakazi wenye ujuzi. Kanuni zake hazimsubiri mtu. Tarehe 25 Machi 2025 alama za kushindania mwaliko alizopewa mwenye ofa ya kazi (50 au 200) zilifutwa, hata kwa waliokuwa tayari kwenye foleni. Tangu 21 Agosti 2025 vipimo vya afya hufanywa kabla ya kutuma ombi. Ukialikwa una siku 60 tu za kutuma ombi, kwa hiyo karatasi zinazochelewa zianze kutafutwa leo.

1. Chuo. Fungua faili WES (taasisi inayotathmini vyeti vya nje kwa ajili ya Kanada), kisha omba chuo chako kitume transkripti moja kwa moja. Ukiituma mwenyewe haipokelewi, hata ikiwa na muhuri. Tathmini hudumu miaka 5, hivyo hakuna hasara kuiwahi. Hakikisha majina ya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti yanalingana; yakitofautiana, andaa hati ya kiapo kwa wakili mapema.

2. Kiingereza. Fanya mtihani wa IELTS, aina ya General Training. Ile ya Academic haikubaliki hapa, na kila msimu kuna wanaopoteza ada kwa kosa hilo. Kima cha chini ni 6.0 kila sehemu, ila lenga 8.0 kusikiliza na 7.0 kwa zilizobaki. Hapo alama hupanda kwa kishindo. Matokeo hudumu miaka 2.

3. Barua ya mwajiri. Hapa ndipo maombi mengi hufia. Barua ya kawaida ya ofisi zetu husema "huyu ni mtumishi wetu tangu mwaka fulani, apewe ushirikiano". Haitoshi. Itaje cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, mshahara na marupurupu, na majukumu yako halisi, iwe na saini na mawasiliano ya aliyesaini. Majukumu yafanane na kazi uliyoichagua kwenye NOC (orodha rasmi ya kazi ya Kanada), lakini usiyanakili neno kwa neno; afisa hulitambua hilo haraka. Kama ni ya Kiswahili, itafsiriwe na kuambatana na kiapo cha mtafsiri.

4. Wasifu. Kuufungua ni bure, na unahitaji alama 67 kati ya 100 za sifa (si zile za kushindania mwaliko) ili uingie kundi hili. Hukaa miezi 12. Usiufute ili uanze upya: alama zikilingana, aliyetangulia kuingiza ndiye hualikwa. Katika miaka ya 30, kila siku ya kuzaliwa huondoa alama 5 au 6 za kushindania mwaliko.

5. Baada ya mwaliko. Vipimo kwa daktari aliyeidhinishwa na Kanada, cheti cha polisi cha kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10, na barua ya benki. Alama za vidole na picha ni dola 85 za Kanada kwa mtu mmoja. Jipangie safari ya Dar.

Maswali ya wanachama

*Nina shamba la zabibu Hombolo na kiwanja Nala. Vinahesabika kama fedha?*
Hapana ndugu, wala mkopo wa SACCOS. Inatakiwa pesa yako iliyo benki, na barua ionyeshe salio la sasa, wastani wa miezi 6 na madeni. Ukiuza kiwanja, tunza mkataba wa mauzo. Kiasi kikubwa kikiingia ghafla utaulizwa kilikotoka.

*Wakala anataka milioni kadhaa, anasema mwaliko ni uhakika.*
Usimpe. Hakuna anayeweza kuuhakikisha. Wanaoruhusiwa kukuwakilisha kwa malipo ni mawakili na washauri wenye leseni ya Kanada. Dai namba yake ya leseni uitafute kwenye rejista ya wenye leseni.

*Nina mtoto kabla ya ndoa, anaishi kwa bibi yake Kondoa. Siendi naye. Nimwandike?*
Mwandike, dada, na apimwe afya pamoja nanyi. Asipotajwa sasa, kwa kawaida hutaweza kumdhamini baadaye kama mwanafamilia, na kumficha kunaweza kuangusha ombi lote. Kama mumeo hajui, zungumzeni kabla ya kujaza fomu.