Kuhesabu nondo: usiku mtupu nao uandikwe

Kama kikundi chenu cha wapenda viumbe hutundika shuka jeupe na taa kuhesabu nondo, msisubiri masika na vuli tu. Kiangazi na kipupwe pia tokeni, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Akija mmoja, andikeni mmoja. Asipokuja hata mmoja, andikeni sifuri, maana bila sifuri hizo hatutajua msimu wa kila aina unaanza lini. Chagueni usiku usio na mbalamwezi wala upepo, na taa iwe ileile kila mara, la sivyo hesabu hazilinganishiki. Picha ipigwe kwa juu, rula pembeni. Na tafadhali sana, zimeni taa kabla ya alfajiri, mkung'ute shuka taratibu vichakani. Ndege wakiamka wakawakuta nondo pale, watawamaliza.