Magari Matano Mpaka Juu ya Rondo: Tunavyofanya Sisi

Mvua zikishakata huku Kusini mwa Tanzania, kuanzia Juni hivi, simu huanza: "Kaka, gari langu litapanda Rondo?" Rondo ni uwanda wa juu mkoani Lindi, na litapanda. Gari lolote lenye fowili (tairi zote nne zinasukuma), gia nzito (ile ya nguvu nyingi na mwendo mdogo) na tumbo lililo juu kidogo linafika. Misafara mingi niliyoiona ikiharibika iliharibika kwa sababu watu waliachana njiani, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

1. Kibali na hodi

Msitu wa Hifadhi wa Rondo uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo maliza habari ya kibali ukiwa bado Lindi mjini. Mkilala nje ya hifadhi, ardhi ni ya kijiji: mwoneni mtendaji na mwenyekiti, toeni shikamoo kwa wazee, mseme mko wangapi na mnaondoka lini. Ombeni kijana mmoja wa kuwaonyesha njia, mpatane malipo mapema. Simu yako haijui daraja lipi lilikwenda na maji.

2. Gari, wiki moja kabla

Peleka kwa fundi wiki moja kabla. Ijumaa jioni, mkesha wa safari, umechelewa, kifaa kikikosekana hapo hupati tena. Akague breki, bushi, springi, rejeta na mkanda wa feni. Wewe mwenyewe ingiza gia nzito ukiwa mjini. Gari likikaa mwaka mzima bila kuitumia, kile kigia kinaweza kuganda. Na jaribu spea: ina upepo? Spana ya nati inaingia?

3. Mzigo

Kila gari libebe maji yake, lita 5 kwa mtu kwa siku, na dumu la mafuta la lita 20, maana gia nzito inabugia. Vitu vizito chini, katikati ya gari. Ukilundika madumu kwenye keria, utajua kosa lako kwenye mteremko wa kwanza wa ubavu.

Kanuni ya maji niliipata kwa taabu. Safari yangu ya kwanza nilitangulia kwa fahari, vumbi nyuma yangu kama ukuta. Kwenye njia panda moja gari la nne likashika njia ya malori ya mbao, la tano likalifuata. Tulizunguka saa tatu kuwatafuta. La nne ndilo lililobeba maji yote.

4. Safu

Kutoka Lindi tunashuka Mingoyo, tunakata kulia Mnazi Mmoja, tunashika lami ya Masasi, kisha tunaiacha kuelekea kaskazini. Kuanzia vumbi linapoanza, sheria ni moja: *kila dereva ana jukumu la gari lililo nyuma yake.* Ukifika njia panda, simama. Usisogee mpaka wa nyuma akuone na akuwashie taa. Naye anamsubiri wake. Kwa mtindo huu hata redio kolu zikifa hapotei mtu. Dereva mgeni kuliko wote awe wa pili. Mzoefu mwenye kamba na kompresa akae mwisho, na mwendo wa wote uamuliwe naye.

5. Upepo wa tairi

Kwenye mchanga shusha kutoka PSI 35 (kipimo cha upepo) mpaka 18 au 20. Tairi linatandazika, linaelea. Kwenye mawe rudisha 25 hivi, usije ukachana ubavu. Ukishashusha, usikate kona kwa kasi, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu.

6. Kupanda na kushuka

Gari moja tu kwenye kilima. Mengine yangoje mahali tambarare, abiria washuke, mwelekezaji awe mtu mmoja. Watu wanne wakipunga mikono, dereva hamwoni hata mmoja.

Panda kwa gia nzito namba mbili, mguu mtulivu, usibadilishe gia katikati. Gari likizima: breki, hendibreki, ingiza rivasi, washa, rudi chini *moja kwa moja*. Usithubutu kugeuza kilimani, gari huviringika namna hiyo. Kushuka ni namba moja ya gia nzito, mguu mbali na klachi. Mvua ya ghafla ikipiga udongo mwekundu, unateleza kama mlenda. Pikeni chai, msubiri ukauke.

Mkivutana kwa kamba, watu wakae mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe. Tupia blanketi katikati yake. Usifunge kwenye boli la kukokotea tela, likikatika linaruka kama risasi.

7. Kambi

Jua linazama karibu saa 12 jioni, hivyo saa 10 muwe mmesimama. Msilale chini ya mikorosho: Juni mpaka Agosti wakulima wanapulizia salfa dhidi ya ubwiri unga, tena alfajiri. Baadaye korosho zinadondoka, na hakuna mkulima atakayecheka ukizikanyaga kwa tairi.

Moto uwe ndani ya shimo, majani makavu yafagiliwe hatua nne kila upande. Chakula ni pweza mkavu wa Lindi na ming'oko (mizizi ya porini) mliyonunua njiani, hamhitaji zaidi. Mabaki yafungiwe garini, yanaita nguruwe, na nguruwe anaita simba. Mkoa huu una historia ndefu ya simba kula watu, wakiwemo waliokuwa wakilinda mashamba usiku. Waulizeni wazee hali ya mwaka huu, na anayekwenda haja usiku asiende peke yake.

Beba sweta. Juu kule ni karibu mita 900, na mtu wa pwani hutetemeka Julai.

Saa 3 usiku zimeni taa zote. Msitu huu una komba wa Rondo, mnyama wa usiku wa mitini, mdogo kuliko komba wote duniani, uzito wake gramu 60 hivi. Kumwona ni bahati, ila mkinyamaza mtamsikia.

8. Jumapili, siku ya kurudi

Zima moto kwa maji, chimbua, gusa majivu kwa mkono. Takataka zote zirudi mjini. Pita kwa mtendaji kuaga, wengi wanasahau. Kabla ya kukanyaga lami jaza upepo mpaka 35, kaza nati, shika kila rimu: iliyo ya moto kuliko wenzake ina beringi au breki inayoomba fundi. Mnazi Mmoja hesabuni magari. Yakiwa matano, agizeni chakula.