Kuzunguka milimani kwa gari bila haraka: hesabu saa, si kilomita

Matembezi ya milimani mara nyingi huharibika hata kabla gari halijawashwa. Mtu anaangalia ramani, anaona kilomita 250, anagawanya kwa 80 na kujiambia ni saa tatu na dakika chache. Barabara ya mlima haina 80. Weka kona, malori yanayopanda kwa gia ya kwanza na mifugo inayovuka, utakuta wastani ni kilomita 30 hadi 40 kwa saa, na hapo hujasimama hata mara moja. Siku ya saa nane iwe na uendeshaji wa saa nne tu, yaani kilomita 120 hadi 150 hivi. Saa nne zilizobaki ni za kusimama, na ndizo ulizozifuata huko.

Kama barabara zinaruhusu, chora njia ya duara badala ya kwenda na kurudi palepale. Halafu amua utauzunguka mlima kwa upande gani. Mahali ambapo magari hupita kushoto, fuata mwendo wa mshale wa saa: mlima unakuwa kulia kwako na bonde kushoto, kwa hiyo sehemu za kuegesha zenye mandhari ziko upande wako na huhitaji kukata barabara karibu na kona. Wanaopita kulia wageuze. Dereva anayeshikwa na kizunguzungu akiona genge afanye kinyume, apite akiwa ameegemea mlima. Abiria watapoteza picha mbili tatu, si hasara kubwa.

Jua nalo lina hesabu yake. Asubuhi elekea magharibi, jioni elekea mashariki, ili liwe mgongoni kwako. Ukilazimika kulikabili, kioo cha mbele kiwe kimefutwa kwa ndani pia. Utando mwembamba unaojengeka upande wa ndani hauonekani mpaka jua la chini liupige ghafla ukiwa katikati ya kona.

Sehemu ya juu kabisa ipite mapema, kabla ya saa tano asubuhi. Ukungu wa bondeni huinuka jua likipanda, lakini kadiri mchana unavyoendelea mawingu hukusanyika juu ya vilele. Miji midogo iachie mchana, kwa kuwa haihitaji anga safi. Na ufike unapolala saa nzima kabla ya giza.

Kabla ya kuondoka, anza na breki. Pedi zilizobaki na unene wa chini ya milimita 3 zibadilishwe. Mafuta ya breki yaliyokaa zaidi ya miaka miwili yabadilishwe pia, hata kama rangi yake bado inaridhisha, kwa sababu hufyonza unyevu wa hewa. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230. Yakishafyonza maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155 hivi, na mteremko mrefu unaweza kuyafikisha hapo. Maji ya rejeta yaangalie injini ikiwa baridi. Upepo wa tairi upime asubuhi kabla gari halijatembea, na la akiba usilisahau.

Jaza tangi, na likifika nusu ujaze tena kwenye mji wa kwanza wenye mafuta, hata kama unaamini yatatosha. Pakua ramani kwenye simu mapema, maana mtandao hukatika mabondeni. Beba sweta: kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 au 7.

Ukipanda, gari lisilo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Usilikandamize likiwa gia ya juu. Shusha gia, iache injini izunguke bila kulia. Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi na ufungulie hita hadi mwisho. Mtatoka jasho, lakini joto linatoka kwenye injini. Mshale ukiendelea kupanda, simama pembeni. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ipoe, kwa sababu maji yaliyokuwa chini ya shinikizo hulipuka kuwa mvuke papo hapo.

Kushuka ndiko kunakotaka akili. Gari la kilo 1,500 likiteremka mita 500 kwa kimo, breki zikifanya kazi yote peke yake hupokea joto la kuchemsha karibu lita 20 za maji ya kawaida. Joto hilo lote linaingia kwenye sahani chache za chuma. Ndiyo maana gari linashikwa kwa gia, na breki inakuwa msaidizi. Chagua gia kabla mteremko haujaanza: ile ambayo ungeitumia kupandia pale pale, mara nyingi ya pili au ya tatu. Kwenye gari otomatiki tumia L, 2 au sehemu ya kubadilisha kwa mkono. Kwenye haibridi nyingi, yaani magari ya mafuta na umeme, ni B. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa uthabiti kwa sekunde chache, utoke 50 hadi 40, kisha uachie kabisa ipate hewa. Mguu unaogusa pedali kidogo kidogo njia nzima ndio unaochoma breki.

Wapo wanaoweka nyutro ili kuokoa mafuta. Hesabu yenyewe ni mbaya. Injini za sasa zikiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya akseleta hukata mafuta kabisa. Ikiwa nyutro, injini inaendelea kunyunyiza ili isizime. Unapoteza mafuta na unapoteza kitu cha kulishika gari. Kuzima injini ni hatari zaidi: breki inakuwa ngumu kama jiwe, usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga. Wenye gari la umeme nao wasishuke betri ikiwa imejaa pomoni, kwa sababu haitakuwa na nafasi ya kupokea umeme ambao mota huzalisha inapolishika gari mteremkoni, na gari halitashikwa ipasavyo.

Dalili zijue kabla hazijakukuta. Harufu kali kama ya klachi inayoungua ni onyo la kwanza. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halishiki, pedi zimezidiwa na joto. Pedali ikizama chini kama sponji, mafuta yamechemka na kuna mvuke ndani ya mabomba. Hapo ikanyage na kuiachia haraka haraka ili kuirudisha, shusha gia, kisha tafuta sehemu ya kusimama. Ukishasimama, acha gia ndani au weka P, geuza tairi kuelekea ukingo na uweke jiwe nyuma na mbele ya gurudumu. Subiri nusu saa. Usimwage maji kwenye breki, kwa sababu chuma chenye moto kikipozwa ghafla hupinda, na tangu siku hiyo usukani utatetemeka kila ukikanyaga.

Kwenye kona, punguza mwendo kabla ya kuingia, si ukiwa ndani. Kona usiyoiona mwisho wake, piga honi mara moja fupi na ubaki upande wako. Kukanyaga breki katikati ya kona ndiko pia kunakowatapisha abiria. Mwenye kichefuchefu akae mbele, atazame mbali, simu iwekwe chini na dirisha lifunguliwe kidogo.

Njia ikiwa nyembamba, kwa kawaida anayeshuka humpisha anayepanda, kwa kuwa kuondoka kwenye mwinamo ni kugumu zaidi. Akiwa ni lori au basi lililojaa, rudi nyuma wewe bila kuhesabu haki. Na ukiona magari matatu kwenye kioo chako cha nyuma, toa ishara, ingia pembeni, yaache yapite. Mwendo wako wa pole usiwe adhabu kwa anayewahi kazini.

Kwenye miji midogo, egesha mara moja mwanzoni mwa mji na utembee kwa miguu. Barabara kuu huwa pia ndiyo soko, njia ya watoto wa shule na kituo cha mabasi. Kuipita kwa gari mara tatu ukitafuta kivuli ni kuwasumbua watu. Ukitaka kumpiga mtu picha, salimia kwanza, kisha omba.

Juu kabisa, kunywa maji na ufunge kizibo cha chupa tupu ya plastiki kwa nguvu. Ukifika bondeni utaikuta imebonyea, kwa shinikizo lile lile linaloziba masikio. Meza mate au tafuna kitu, hasa ukiwa na watoto, ambao watalia bila kujua wanaumwa nini.

Asubuhi inayofuata breki zitakwaruza mita chache za mwanzo, hasa kama kulikuwa na umande. Hiyo ni kutu nyepesi na huondoka ukikanyaga mara mbili tatu. Ikiendelea baada ya kilomita moja, mtafute fundi kabla ya mteremko unaofuata.